Hudhuri ya Moyo Mbele ya Mgonjwa

Kwa miaka kadhaa nilihudumu nikiwa tabibu katika vituo vya upande huu wa Mto Kagera, kwanza Karagwe, kisha katika vijiji vilivyoingia wilaya mpya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wagonjwa niliowapokea ni wengi mno, na nakiri kwamba sura za wengi wao zimenitoka. Ipo moja ambayo haijanitoka.

Alikuwa mama mjamzito, uzazi wake wa kwanza, wiki ya 34 kwa hesabu ya kadi yake. Ilikuwa siku ya kliniki. Benchi la nje lilikuwa limejaa, na waliokosa nafasi walikuwa wameketi nyasini chini ya mparachichi. Nilimpima shinikizo la damu nikapata 140 kwa 90. Nikaandika. Nilikusudia apumzike kidogo, nirudie kipimo na kumpima mkojo, kama tulivyofundishwa sote. Nikamuuliza anavyojisikia. Akaanza kusema, "Kichwa, daktari, na hasa usiku," na hapo simu yangu ikatetema juu ya meza. Katika kundi la WhatsApp la watumishi mtu alikuwa ametuma orodha ya uhamisho, na majina yalikuwa mengi. Niliinamia kioo kwa muda ambao hata leo nauhesabu kuwa haukuzidi dakika mbili. Nilipoinua uso, mama alikuwa amenyamaza, ameishika kadi yake kwa mikono miwili. Akasema kwa adabu, "Maliza kwanza, waitu, mimi nitasubiri." Nikamwambia nimemaliza. Nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikamwandikia tarehe ya kurudi, nikaita mwingine. Kile alichotaka kukisema kuhusu usiku hakukisema tena, nami sikumuuliza.

Baada ya siku tatu aliletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa khanga mgongoni mwa nduguye ili asianguke, akiwa katika kifafa cha mimba. Tulimchoma magnesiamu salfeti, tukampa rufaa, akaokoka. Mtoto hakuokoka. Baadaye ndugu zake walitueleza kwamba kwa siku kadhaa kabla ya kliniki alikuwa akiona vimulimuli mbele ya macho kila giza lilipoingia.

Katika mapitio ya tukio lile iliandikwa kwamba kipimo hakikurudiwa na mkojo haukupimwa. Ni kweli. Lakini mimi najua kilichotangulia makosa hayo mawili. Ujuzi nilikuwa nao, vifaa vilikuwepo, na mama mwenyewe alikuwa tayari kusema. Aliyekosekana chumbani ni mimi.

Tangu siku hiyo nimesikia mahubiri mengi kuhusu simu, mengine katika semina za maadili ya kazi, mengine kanisani. Karibu yote humtaka mtu awe na nia thabiti. Nimefika mahali ambapo siamini tena dawa hiyo. Walimu wa kale wa maisha ya kiroho, ambao walipambana na mawazo yaliyotawanyika karne nyingi kabla ya umeme kufika Kayanga, hawakuitegemea sana nia. Walipanga saa, milango, mavazi na vitu, ili hata mtu dhaifu aweze kuwa mzima mbele ya kile kilicho mbele yake. Hekima hiyo, nadhani, ndiyo inayotufaa sisi wa sekta ya afya, na tunaweza kuitumia bila kuuliza mtu anaabudu wapi.

Kwanza nieleze ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Waligundua kuwa daktari alimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake, na wagonjwa wasiofikia robo ndio walioachwa wamalize. Wakati huo hapakuwa na simu ya mkononi katika chumba chochote cha daktari. Mwaka 2010 ukachapishwa uchunguzi mwingine, wa hospitali mbili za Sydney, Australia, ambako wauguzi 98 walifuatiliwa walipokuwa wakitoa dawa zaidi ya mara 4,000. Kila mara muuguzi alipokatizwa katikati ya kazi, uwezekano wa kosa la kitabibu uliongezeka kwa takriban asilimia 13. Aliyekatizwa mara nne alikuwa bado ni muuguzi yuleyule, mwenye cheti kilekile.

Kwa hiyo tusidhani kuwa ugonjwa huu umeletwa na kampuni za simu. Mwishoni mwa karne ya 4, katika jangwa la Misri, hukuhuku Afrika, aliishi mtawa aitwaye Evagrius, aliyefariki mwaka 399. Aliandika kwa Kigiriki mwongozo mfupi wa maisha ya utawa, na humo akaeleza uchovu wa roho unaomvamia mtawa mchana. Anasema humjia saa nne na kumzingira hadi saa nane. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko wasomaji wengi wa dunia, kwa sababu saa za Evagrius zilihesabiwa kama zetu, tangu kuchomoza kwa jua, hatuhitaji kuzigeuza. Katika saa hizo mtawa huona jua limesimama. Hutazama dirishani tena na tena. Hutoka nje kupima kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia, na huangaza huku na huku kuona kama yupo ndugu anayekuja kumzuru. Kisha huanza kuchukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, akaota mahali pengine ambako riziki ni nyepesi.

Nilipoyasoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaona haya. Weka kioo cha simu mahali pa dirisha, na mahali pa ndugu anayekuja weka ujumbe unaoingia, na umenipata mimi katika chumba changu. Kuota mahali pengine hakuhitaji hata kubadilishwa, maana nilikuwa nasoma orodha ya uhamisho. Tena saa nne hadi saa nane ndio wakati ambapo wagonjwa wa nje ni wengi kuliko wakati wowote mwingine.

Karne saba baadaye Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hilohilo katika kitabu chake kikubwa, Ihya, kwenye mlango wa siri za sala. Yeye aliliita tatizo kwa upande wa tiba yake, yaani hudhuri ya moyo, na neno hilo limeingia katika Kiswahili cha misikitini likabaki. Alizigawa sababu za moyo kughibu katika makundi mawili. Ziko za nje, zinazoingia kwa macho na masikio. Ziko za ndani, ambazo ni hofu na shughuli mtu anazokuja nazo. Tiba aliyoiandika kwa zile za nje ni ya vitendo kabisa: mtu ainamishe macho, aswali katika chumba cha giza au karibu na ukuta, asiache mbele yake kitu cha kumshughulisha. Kwa zile za ndani, amalize shughuli zake kabla hajaanza sala. Hakuna mahali anapodai kuwa mcha Mungu wa kweli hushinda vishawishi hata vikiwa puani pake.

Anakumbusha pia hadithi ambayo Waislamu wa Kayanga na Murongo wanaijua kuliko mimi. Mtume alipewa na Abu Jahm vazi lenye nakshi, akaswali nalo, na baada ya sala akalivua na kuagiza lirudishwe kwa mwenyewe, kwa kuwa nakshi zile zilimshughulisha. Mimi ni Mkristo, lakini hadithi hiyo imenifaa kazini kuliko semina zote nilizohudhuria. Kama yeye alilivua vazi, mimi ni nani hata nijigambe kuwa naweza kuilaza simu mezani, kioo juu, na macho yangu yasiifuate?

Je, Karagwe yenyewe ina la kusema? Nadhani inalo, ingawa ni rahisi kulipamba kupita kiasi. Sala tano zilisaliwa katika nchi hii kabla kengele ya kanisa haijapigwa, na wafanyabiashara Waarabu waliokaa Kafuro, si mbali na ikulu ya Bweranyange, katika karne ya 19. Katika ikulu hiyo, Mwingereza John Speke, aliyefika kwa Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, alishuhudia mkusanyiko uliofanyika kila mwezi ulipoandama, ngoma zikipigwa na watu wakija kujihudhurisha mbele ya mfalme. Mtu angependa kusema kwamba ilikuwa ibada tupu ya kutulia. Speke mwenyewe anaeleza kwamba ilimsaidia mfalme kujua ni raia wangapi bado walikuwa watiifu, kwa hiyo ilikuwa na siasa yake. Hata hivyo ilikuwa siku iliyotengwa, na hakuna aliyeweza kujihudhurisha huku akiwa kwingine.

Linalonigusa zaidi ni la mwenzake. James Grant alipofika Karagwe aliugua mguu. Ulivimba, ukakakamaa, ukaja kutoa usaha mwingi, naye asiweze kutembea. Speke alipoendelea na safari kwenda Buganda Januari 1862, Grant alibaki amelala katika kibanda, chini ya ulinzi wa Rumanyika, hadi Aprili. Alihudumiwa kwa dawa za wenyeji za aina kadhaa, akatembelewa, akapelekewa vyakula. Kitabu alichochapisha mwaka 1864 kinaeleza mwenendo wa maradhi yake kwa makini kiasi kwamba, zaidi ya miaka 100 baadaye, madaktari waliousoma ukurasa ule waliona humo dalili za kidonda cha Buruli, ugonjwa ambao wakati wa Grant haukuwa na jina wala bakteria aliyejulikana. Leo maelezo ya mgonjwa aliyelala Karagwe hutajwa katika vitabu vya ugonjwa huo kama mojawapo ya ya kwanza kuandikwa.

Hakuna kipimo chochote kilichofanyika. Kilichofikisha utambuzi huo ni mtu aliyekuwa na muda wa kuutazama mguu wake siku baada ya siku, na kuandika alichokiona bila kuruka. Nawaeleza wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo kwamba historia ya mgonjwa ni kipimo, na Karagwe ina ushahidi wake.

Kuna na jambo la kahawa. Wageni wanaotembelea Kagera hushangaa wanapopewa kahawa ya kutafuna badala ya kunywa: tunda lililochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, likakaushwa, likawekwa katika kikasha kidogo. Hapo kale tunda moja lenye punje mbili lilitumika hata kufungia udugu wa damu, omukago, kila mmoja akimeza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Sina haja ya kuwaambia wasomaji wa jarida hili kwa nini desturi hiyo ibaki katika vitabu. Lakini ile ndogo, ya kumpa mgeni kahawa atafune, bado ipo kwa wazee, na nimeitazama mara nyingi. Mgeni haulizwi shida yake mlangoni. Huketishwa, husalimiwa yeye, kisha watu wa kwake, kisha migomba na ng'ombe, kikasha hufunguliwa, na wakati anatafuna hakuna anayefanya kingine. Baada ya hapo ndipo husema kilichomleta. Kijana wa leo huona ni kupoteza muda. Mimi naona ni kizingiti, sawa na viatu vinavyovuliwa mlangoni pa msikiti au maji ya baraka kwenye mlango wa kanisa: kitendo kidogo cha mwili kinachouambia moyo kuwa umeingia mahali pengine.

Chumba chetu cha tiba hakina kizingiti. Mgonjwa huingia wakati aliyemtangulia bado anavaa shati, muuguzi anaita jina la tatu dirishani, na tabibu anajibu simu. Kisha tunashangaa kwamba watu hawasemi.

Pendekezo langu ni dogo, na halina gharama. Kizingiti tunacho tayari, ila tumekifanya kuwa cha bakteria pekee. Shirika la Afya Duniani limetuwekea nyakati tano za kusafisha mikono, na wakati wa kwanza ni kabla ya kumgusa mgonjwa. Kunawa kwa maji na sabuni kama inavyotakiwa huchukua sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono, 20 hadi 30. Kwa hiyo kabla ya kila mgonjwa kuna kipindi, kilichokwisha amriwa na mwongozo, ambacho mikono ina kazi na macho hayana. Mwislamu anayetia udhu anajua maji yanavyoweza kuandaa zaidi ya ngozi. Mimi hufanya hivi: simu huingia katika droo kabla sijafungua bomba, nanawa, na wakati nanawa najiuliza jambo moja tu, anayeingia anaitwa nani. Nikifuta mikono namtazama usoni, namtaja jina, nauliza, na sishiki kalamu mpaka amefika mwisho wa sentensi zake. Wengi hufika mapema kuliko tunavyohofia.

Nilipolieleza hili katika kikao kimoja, muuguzi mkunga mwenye miaka mingi kazini kunishinda alinijibu kwa upole uliouma. Alisema, "Mwanangu, mimi siku ya kliniki niko peke yangu na akina mama sitini. Hiyo hudhuri ya moyo niigawe vipi?" Sikuwa na jibu, na bado sina jibu kamili. Kumhubiria utulivu mtumishi aliyeachwa peke yake zamu nzima ni kumwongezea mzigo kwa jina la hekima. Watawa wa Misri hawakuwa na foleni. Upungufu wa watumishi hutibiwa kwa kuajiri, na makala haya yasitumiwe na yeyote kusema vinginevyo.

Lakini mkunga yule aliongeza jambo lililonifungua macho zaidi. Alisema ujumbe mwingi unaomkatiza hautoki kwa marafiki zake, unatoka juu. Takwimu za chanjo zinatakiwa sasa hivi, picha ya kikao itumwe, orodha ya dawa ithibitishwe kabla ya saa sita. Ni kweli, na ni jambo ambalo sisi tuliowahi kusimamia vituo tunalifanya bila kufikiri. Mtume aliondoa vazi lililokuwa juu yake mwenyewe. Sisi tunawatupia wengine mavazi yenye nakshi na kuwalaumu kwa kuyatazama. Ningependa kuona waganga wakuu wa wilaya zetu mbili wakikubaliana kwamba kati ya saa nne na saa nane hakuna taarifa ya kawaida inayodaiwa kwa simu. Dharura ipigwe. Mengine yangoje saa tisa, kama chakula cha watawa.

Nasema dharura ipigwe kwa sababu sitaki kueleweka kama adui wa simu. Simu hiyohiyo ndiyo iliyoita gari usiku wa kifafa kile. Siku hizi mama au mtumishi anaweza kupiga 115 bila malipo na mfumo wa M-Mama ukamtafutia usafiri, na katika milima ya Kyerwa, ambako pikipiki huteleza kila mvua inaponyesha, namba hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kufika na kutofika. Nimewahi kutuma picha ya upele kwa daktari bingwa na kupata jibu kabla mgonjwa hajamaliza maji aliyopewa. Kisu kinachokata kitovu huhifadhiwa mahali pake. Hakiachwi kikizagaa kitandani.

Kwa upande wa wagonjwa na familia zao nina maneno machache. Mkoa wa Kagera ndipo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa, mwaka 1983, na watu wa hapa wamejifunza kuliko wengi maana ya kumeza dawa kila siku bila kukosa. Wapo wanaotumia kengele ya simu kujikumbusha. Mzee mmoja wa kliniki yetu aliniambia yeye haitumii, kwa kuwa simu inapolia huishika, akiishika huona na mengine, na akimaliza mengine huwa amesahau dawa. Amezifungamanisha dawa zake na sala ya jioni: chupa ya vidonge hukaa juu ya kitabu cha nyimbo, na kitabu hakifunguki bila kuinua chupa. Ghazali angefurahi. Nimewashauri wengine wafanye hivyo, Mwislamu kwa sala ya Isha, asiyesali kwa chakula cha usiku.

Mama anayenyonyesha naye nimwombe kitu kimoja. Mpango wa taifa wa malezi na makuzi ya awali ya mtoto, uliozinduliwa Desemba 2021, unasisitiza malezi yenye mwitikio, yaani mtoto anapotazama, atazamwe; anapogumia, ajibiwe. Mtoto mchanga anaona vizuri zaidi umbali wa kifua hadi uso wa mama. Akikuta kioo kinachong'aa badala ya macho, hana la kujibu.

Hapa lazima niweke mpaka, kwa maana hekima ya kale ikivuka mahali pake huua. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania walifunga safari hadi Loliondo kunywa kikombe, na baadhi ya waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi waliziacha. Tusirudie. Vilevile mtu ambaye mawazo yake hayatulii kwa wiki nyingi, halali, hali, haoni sababu ya kuamka, asiambiwe kuwa amepungukiwa na sala. Huenda ana sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Nchini Zimbabwe wenzetu wana neno kufungisisa, linalokaribiana sana na kuwaza sana kwetu, na tangu mwaka 2006 Profesa Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha akina bibi kuketi na watu wa namna hiyo kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosikilizwa na mabibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi hao walifundishwa, walisimamiwa, na waliojulikana kuwa na hatari kubwa walipewa rufaa. Sijui kwa nini Nkwenda au Nyakahanga pasiwe na benchi kama lile. Mabibi tunao, na kahawa ya kutafuna tunayo.

Yule mama alirudi. Ilikuwa miaka miwili baadaye, na nilimtambua kabla hajafika mlangoni kwa jinsi alivyoishika kadi. Ilikuwa mimba ya wiki 20. Niliitia simu katika droo, nikafungua bomba, nikanawa, na nafikiri nilinawa zaidi ya sekunde 60. Nikamkaribisha kwa jina. Alikaa, akatazama meza, akatazama mikono yangu, kisha akatabasamu kidogo akauliza, "Daktari, leo simu yako imeharibika?"

Nikamwambia iko kwenye droo.

Akakisogeza kiti mbele. Akafungua fundo la khanga, akatoa kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika humo, kwa kalamu ya risasi, kila tarehe aliyoumwa kichwa, na saa.